Mengineyo

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.
Ajenda ya kwanza, kufungua kikao: saa nne na dakika ishirini,
ukumbi wa kata, Chinyika, viti vya plastiki themanini.
Waliosimama sikuwahesabu.

Afisa mipango miji alitandaza ramani mezani:
njano makazi, nyekundu biashara,
na kijani, alisema, ni mapumziko.
Ndahani Malogo akauliza kutoka nyuma:
mapumziko ya nani? Sisi hatujachoka.
Watu wakacheka. Kicheko hakina kifungu.
Nikaandika: *Mjumbe aliomba ufafanuzi.*

Yeremia kinyozi akasema bomba limepita mlangoni kwake
mwaka wa tatu sasa, linapita tu,
kama mgeni asiyesalimu.
Nikaandika: *Maji.*

Talita akasema mtaro wa lami yenu mpya
uliishika mvua ya Januari mkono
ukaileta hadi jikoni kwangu.
Sufuria zilielea. Bata wa jirani nilimkuta kitandani.
Nikaandika: *Miundombinu.*

Kisha akaja Sechelela Chiwanga
na mzigo mgongoni, umefungwa kwa kitenge.
Tulidhani mtoto. Akaufungua juu ya meza:
bikoni. Zege tupu, na msumari utosini,
na udongo mwekundu bado umeishika kiunoni.

"Nimeiokota katikati ya mizabibu yangu.
Sikuisikia ikipiga hodi.
Nimefundishwa, ukiokota cha serikali,
kirudishe serikalini."

Mwanasheria wa jiji akasimama:
kung'oa alama ya upimaji ni kosa.
"Na kung'oa mizabibu?"

Bati la ukumbi lililia kidogo, likanyamaza.

"Kwenye fomu yenu ya fidia mmeandika: mti, mmoja, bei yake.
Afisa, mche ule niliupanda mwaka aliofariki baba Nyemo.
Unatoa mara mbili kwa mwaka.
Umemsomesha Nyemo hadi akavaa sare nyeupe,
yupo zahanati, ndiye anayewachoma sindano.
Andika vizuri hapo. Mti, mmoja. Muuguzi, mmoja."

Kalamu yangu ikasimama.
Niseme? Nami nina kiwanja, kitalu C, kwenye njano,
nimekilipia kwa awamu, risiti ninazo zote.
Siku tulipochimba msingi sululu iliinua mabua ya uwele,
na kigae cha chungu chenye masizi.
Nilisema, udongo wa hapa ni mzuri.
Sikuuliza zaidi.

Ndipo upepo wa Dodoma, usioomba nafasi kwa mwenyekiti,
ukaingia kwa dirisha lisilo na kioo
ukaishika ramani pembeni, ukaiinua yote,
barabara, shule, kijani, njano, juu ya vichwa vya watu wa mbele.
Afisa akairukia, akaivuta chini,
akatafuta cha kuikandamizia,
mkono wake ukaipata bikoni.

Akaiweka. Akaitazama. Tukamtazama.
Ilikuwa imekaa juu ya soko ambalo halijajengwa.
"Hapo sawa," akasema Sechelela.
"Hapo haimuumizi mtu."

Kikao kilifungwa saa nane kasoro robo.
Diwani alisema maoni yamepokelewa,
kwa sauti ya mtu aliyepokea mzigo
na anaangalia wapi pa kuutua.

Usiku nimechapa. Ajenda ya sita: *Mengineyo.*
Huko ndiko huwa tunaweka msiba, harambee, ng'ombe aliyepotea.
Huko nimemweka Sechelela, neno kwa neno, na hodi yake,
kurasa mbili zimezidi. Mtendaji atazifuta,
najua, ana kalamu nyekundu na hana muda.

Nimeambatanisha idadi aliyonipa mlangoni
akijitupia kitenge kitupu begani:
miche mia tatu na kumi na miwili,
na mmoja, alisema, ulikauka mwaka juzi,
lakini bado anaumwagilia.